Matundu ya Mirunda

Ukuta ukishafika usawa wa kifua, fundi hawezi tena kujenga akiwa amesimama chini. Hapo ndipo tunapoingiza mirunda. Tunaacha nafasi ya tofali moja hapa na nyingine pale, tunachomeka miti ya mlingoti, tunalaza mbao juu yake, na jukwaa limepatikana. Ukuta ukiisha tunachomoa mirunda na kuihamishia kwenye kazi nyingine. Matundu yanabaki. Kuyaziba ni kazi ya siku ya plasta, na huku kwetu plasta inaweza kungojwa miaka kumi au zaidi, ndiyo maana ukipita mitaa ya Makambako unaona nyumba nyingi za tofali za kuchoma zina macho meusi juu ukutani.

Nyumba ya bibi ilikuwa na matundu kumi na manne. Nayajua kwa idadi kwa sababu niliyaziba mwenyewe, moja baada ya jingine, na nilipomaliza nilijisifu moyoni.

Bibi ni mama mzazi wa mama yangu. Babu ndiye aliyeanza kuijenga nyumba hiyo, si mbali na reli, akafika kwenye bati akafariki. Bibi akaifunga nyumba yake ya kijijini Mdandu kwa kufuli, akaja mjini kukaa katika hii ambayo haijaisha. Mimi nililetwa kwake nikiwa darasa la tatu, mama alipokwenda Manda kufanya biashara ya usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Nilipomaliza la saba nikabaki hapohapo, nikajifunza ufundi. Tumekaa miaka mingi wawili tu. Ananiita mume wangu, kama bibi wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, na mbele za watu huongeza, "Mume wangu ni mzuri, ila Mungu alisahau kumwekea ulimi."

Katika yale matundu waliishi shomoro. Nasema wale wa mjini, ambao dume ana kidevu cheusi kama mtu aliyepitiwa na siku ya kunyoa, na jike ana rangi ya vumbi tupu. Bibi anasema alipokuwa msichana Mdandu hawakuwepo. Waliokuwepo ni wale wenye kichwa cha kijivu, wasio na kidevu cheusi, wanaokaa kwenye miti ya shambani.

"Hawa walikuja na treni," huwa ananiambia. "Walikuwa wanakula mahindi yaliyomwagika kwenye mabehewa, wakashuka hapa kama abiria wengine. Wageni kama mimi."

Sijui kama ni kweli, lakini mpaka leo ukienda stesheni ndiko utakakowakuta wengi zaidi.

Kila asubuhi bibi hutandika gunia chini ya ukuta wa upande wa mashariki, ambapo jua linafika mapema na upepo unakingwa na nyumba. Hapo huchambua maharage au kupepeta ulezi. Zamani, chenga zilizobaki kwenye ungo alizimwaga pembeni, na shomoro walishuka kabla hajarudi kukaa. Macho yake yalianza kuingia ukungu miaka mitatu iliyopita, jicho la kushoto kwanza, kisha la kulia, kwa hiyo aliwajua kwa sauti na kwa tundu. Nikirudi kazini alinipa habari zao kama habari za majirani.

"Yule wa tundu la tatu leo kafukuzwa na mkewe. Kalia hapo juu ya bati mpaka saa nne."

"Alifanya nini?"

"Nitajuaje? Mimi si mjumbe wa nyumba kumi."

Shida ya nyumba ile ilikuwa upepo. Mtu wa Makambako haelezwi upepo, anaujua. Mwezi wa sita na wa saba uliingia kwa kila tundu na kwa kila nafasi kati ya ukuta na bati, ukapita juu ya kitanda cha bibi na kutokea upande wa pili. Kifua chake kikawa kinabana. Mwaka jana alikohoa kwa wiki tatu, na mama akapiga simu kutoka Manda.

"Baba," mama huniita hivyo, "nimeongea na mwenye duka la vifaa. Saruji ipo, kaichukue. Iache nyumba ya watu, shika ya bibi yako. Upepo usipate hata pa kuchungulia."

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya nyumba nzima bila fundi mwingine wa kuniangalia. Nilianza na fishabodi, zile mbao zinazofunga ukingo wa paa. Kisha nikaziba nafasi yote kati ya ukuta na bati. Kisha nikapanda kwenye matundu.

Kabla ya kuziba tundu niliingiza mkono. Sikutaka kuzika makinda. Nilitoa majani makavu, manyoya ya kuku, uzi wa sweta, kipande cha mfuko wa rambo. Hakukuwa na yai wala kinda katika tundu hata moja. Nikasema basi, wameshahama. Nilifikiri kiota ni kama dungu la kulindia mahindi, mtu analitumia msimu mmoja na kuliacha lianguke. Niliyatupa majani yote kwenye shimo la taka, nikalowesha vipande vya tofali, nikaziba. Halafu nikapiga plasta, nikaisugua mpaka ikawa laini kama sahani.

Kosa langu lilikuwa hapo. Shomoro hawakuwa wamehama. Walikuwa wametoka kutafuta chakula, kama mimi ninavyotoka kwenda kazini. Wakati wa baridi hawatagi sana lakini hulala mlemle kwenye kiota, na aliyepata tundu zuri halitoi, hulishika mwaka hadi mwaka. Hayo niliyajua baadaye. Siku ile nilichojua ni kwamba jioni, jua likiwa juu kidogo ya miti ya paina, nilikuwa naosha mwiko nikawaona wanarudi. Walikwenda moja kwa moja, kila mmoja mahali pake. Walijishika kwenye plasta mbichi, wakateleza, wakarudi, wakateleza. Dume mmoja alirudi mara nyingi hadi nikaacha kumtazama.

Kwa siku mbili walikaa kwenye waya wa umeme wakipiga kelele. Siku ya tatu hawakuwepo.

Nyumba ilikuwa nzuri. Watu walisimama barabarani kuitazama, na wawili waliniulizia kazi. Bibi hakukohoa tena, na kwa hilo sikujuta wala sijuti. Lakini wiki ya pili alikaa kwenye gunia lake na ungo juu ya mapaja, hapepeti, ameinua uso kama mtu anayengoja kuitwa.

"Nyumba imenyamaza, mume wangu."

"Upepo umekwisha, bibi."

"Siyo upepo."

Alimwaga chenga pembeni kama siku zote. Jioni nilizifagia zikiwa vilevile, zimeliwa kidogo na kuku wa jirani.

Mwezi wa nane ukiwa unaelekea mwisho, tukiwa tunakula, akaniambia kwamba mvua zikikaribia atarudi Mdandu akalime.

"Utakaa na nani?" nikauliza.

"Na nyumba yangu."

"Macho je?"

"Mdandu nakujua bila macho. Hapa ndipo ninapoyahitaji, maana hakuna cha kusikiliza." Alinawa mkono taratibu. "Usidhani nakulaumu. Umenifunga vizuri, kama mahindi kwenye kihenge. Panya haingii, upepo hauingii. Ila mahindi hayaoni shida, yenyewe yanangoja kuliwa tu."

Nilijua maana ya safari hiyo. Nyumba ya Mdandu iko mbali na majirani, na ndugu tuliobaki nao huko ni wachache na wana mambo yao. Mara ya mwisho alipokwenda peke yake aliteleza kwenye njia ya mtoni akakaa chini hapo tangu asubuhi hadi watoto wa shule walipopita. Mtu wa macho yale, kifua kile, mvua ikianza. Nilimpigia mama.

"Mzuie," mama akasema.

"Nitamzuiaje?"

"Sema naye! Wewe si una mdomo?"

Ninao, lakini haunisaidii. Siku nne nilipanga maneno ya kumwambia, na kila nilipofika mlangoni kwake niliuliza kama anataka maji ya moto. Basi nikaona nifanye kile ninachokiweza. Kama shomoro watarudi, huenda na yeye atakaa.

Nilichukua mabanzi yaliyobaki, nikatengeneza sanduku. Nikalitoboa tundu la kuingia ngumi, ili wasibanwe, nikalitundika kwenye mparachichi uani. Niliona nimefanya jambo kubwa. Upepo ulilibembeza mchana kutwa. Shomoro hata mmoja hakuja kulitazama. Baada ya wiki mbili walikuja nyigu, wakajaa ndani, na nilipojaribu kulishusha wakaniuma shingoni.

Bibi alinipaka vitunguu saumu huku akicheka mpaka machozi.

"Umewapa nyigu nyumba, mume wangu. Wao walikuomba?"

"Nilitaka shomoro."

"Shomoro anakaa na watu. Kule kwenye mti atamgombeza nani?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka tangu plasta. Lakini kesho yake niliona amefua vitenge vyake vya safari na kuvikunja ndani ya mfuko wa salfeti, ule unaofumwa kwa nyuzi za plastiki, na mfuko ameuweka nyuma ya mlango.

Mwezi wa tisa nilipata kazi ya wiki mbili Njombe, kumalizia vyumba vya duka karibu na sokoni. Jirani yetu mmoja, mama anayekaanga maandazi, alikubali kulala na bibi. Njombe ni baridi kuliko kwetu, asubuhi ukungu unakaa chini hadi saa tatu, na saruji inachelewa kukauka, kwa hiyo fundi anapata muda mwingi wa kusimama. Nikawa nasimama nikitazama juu.

Tulipokuwa tukijenga palikuwa na mitaa miwili iliyotazamana, katikati yake mashine ya kusaga. Upande mmoja maduka ya zamani, bati limetoka nje, mbao zimeoza, chini ya paa nafasi tupu. Upande wa pili maduka mapya, vioo, jipsam, kingo zote zimefungwa. Shomoro walikuwa wengi sana, na mahindi yaliyomwagika mashineni yaliwatosha wote. Mchana walikula pande zote mbili, hata mlangoni mwa maduka mapya waliokota punje katikati ya miguu ya watu. Lakini saa kumi na moja jioni wote waliruka kuelekea upande wa zamani. Upande mpya niliwaona wawili tu waliobaki, mume na mke, nyuma ya bango la duka la dawa lililopinda kona.

Siku ya tatu, mwenye duka moja la zamani alitoka nje na kushika kiuno.

"We kijana! Kila siku unatazama bati langu. Unataka kulinunua au kulichukua?"

"Shikamoo, mama. Natazama ndege."

Akamgeukia mteja wake. "Umesikia? Anatazama ndege." Akanirudia. "Huku juu kuna ndege, na huku chini kuna sukari na chumvi. Wateja wangu wote hutazama chini."

Mteja alicheka. Niliona masikio yanapata moto, nikataka kuondoka, lakini nilimkumbuka bibi na mfuko wake nyuma ya mlango.

"Nataka kujua wanapenda mlango wa namna gani, mama."

"Ili uwakamate?"

"Ili niwajengee. Niliwafukuza kwa bibi yangu."

Aliacha kushika kiuno. "Njoo huku." Akanipeleka pembeni ya duka na kunionyesha. "Nusu hii mume wangu aliiziba mwaka jana, walikuwa wanamwaga uchafu kwenye unga. Unafikiri walikwenda? Walihamia nusu ile. Kulipojaa, wakaanza kupigana. Wanashikana mpaka wanaanguka hapa barabarani, pikipiki inawakosa hivi. Chakula kipo tele, kijana. Wanachogombania ni pa kulala."

Alinipa kiti nikapanda. Nafasi walizokuwa wakiingilia hazikuzidi upana wa vidole vyangu viwili au vitatu. Zile pana kama ngumi zilikuwa tupu. Zote zilikuwa chini ya bati, mvua isikofika, na zimekaribiana kama vyumba vya kupanga. Nilipima kwa kijiti, nikakivunja kwa kipimo, nikakitia mfukoni.

"Mwambie bibi yako nimemsalimu," yule mama akasema. "Na wewe siku nyingine uanze kusema ndipo utazame."

Niliporudi Makambako nilipitia stesheni kabla ya kufika nyumbani. Ghala la zamani pale lina paa lililoachia pembeni, na kila upenyo ulikuwa na mwenyewe. Waliobaki walikaa kwenye ukingo, midomo imebeba majani, hawana pa kuyapeleka. Nilisimama na begi langu la vifaa mgongoni. Nilifikiri huenda baadhi yao ni wa kwetu.

Asubuhi yake nikachukua tindo na nyundo.

Plasta ile ilikuwa kazi yangu bora. Nilipoweka tindo mara ya kwanza mkono ulikataa. Halafu kulikuwa na shida nyingine ya kijinga: nilikuwa nimeisugua vizuri kiasi kwamba sikujua tena matundu yalikuwa wapi. Niliweka ngazi, nikapanda, nikaweka shavu karibu na ukuta ili jua la asubuhi lipite juu yake. Ndipo nikaziona. Alama za kucha. Vijistari vyembamba, vitatu vitatu, vimekaukia kwenye saruji mahali kila mmoja alipojaribu kuingia jioni ile. Pale alama zilipokuwa nyingi ndipo nilipogonga, na kila nilipogonga tundu lilikuwepo.

Sikufungua yote. Nilifungua tisa ya upande wa mashariki, chini ya bati, juu ya mahali anapokaa bibi. Wala sikuyatoboa hadi ndani. Ukuta una unene wa kutosha, nikachimba nusu ya nje tu na kuiacha nusu ya ndani na saruji yake, upepo usipate njia ya kumfikia. Kisha mdomoni mwa kila tundu nikapanga kipande chembamba cha tofali, nikaacha upenyo wa kipimo cha kile kijiti cha Njombe.

Mama wa maandazi alitoka na mwiko wake wa kugeuzia mkononi.

"Jamani, njooni muone! Fundi anapasua plasta yake mwenyewe! Ulikosea vipimo?"

"Hapana, mama."

"Au saruji ilikuwa mbovu?"

"Hapana."

"Sasa unafanya nini huko juu?"

"Nafungua milango."

"Ya nani?"

Watu watatu walikuwa wamesimama barabarani, mmoja ni yule aliyekuwa ameniulizia kazi. Nikashika tindo na kutazama ukuta.

"Ya wapangaji wangu," bibi akajibu kutoka kwenye gunia lake. Sikuwa nimemwambia kitu. "Waliondoka bila kuaga, na hawakuwa na kosa. Wewe kageuze maandazi yako, yanaungua."

Na kweli yalikuwa yanaungua, harufu ilishafika. Mama wa maandazi akakimbia, na watu wakacheka, na mimi nikaendelea kugonga. Yule aliyeniulizia kazi alienda kumtafuta fundi mwingine.

Mwezi wa kumi wote nilikuwa natazama matundu kabla ya kwenda kazini na baada ya kurudi. Nilitia manyoya ya kuku ndani ya mawili, ili wajue ni pa kulala. Bibi alirudia kumwaga chenga. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Mfuko wa salfeti ulikuwa palepale nyuma ya mlango, na kila Jumapili baada ya ibada bibi aliongeza kitu ndani yake: sabuni, tochi, mbegu za maharage amefunga kwenye kitambaa.

Aliyekuja kwanza alikuwa dume mmoja. Alikaa juu ya bati nusu siku, akashuka kwenye tundu la tatu, akachungulia, akatoka, akaita. Aliita siku mbili nzima bila kunyamaza, na mimi nilimwelewa. Siku ya tatu jike akaja na jani mdomoni. Wiki moja baadaye tundu la tano nalo likawa na watu wake. Inaonekana hawapendi kuanza, lakini mmoja akishaanza wengine wanaona pana usalama.

"Wamerudi wangapi?" bibi aliuliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya chumvi.

"Tundu la tatu na la tano."

"La tatu ni yule mgomvi?"

"Sijui, bibi. Videvu vyao vinafanana."

"Ni yeye. Msikie."

Lakini safari haikufutwa. Katikati ya mwezi wa kumi na moja mawingu yalianza kukaa upande wa kusini, na bibi akaagana na wenzake wa kwaya. Alikuwa amekubaliana na dereva wa gari linalokwenda Mdandu apite kumchukua nyumbani. Asubuhi hiyo alivaa viatu vya safari. Nilibeba mfuko wake hadi barazani. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, "Bibi, usiende," na sikuyasema.

Gari lilipiga honi barabarani. Bibi akashika fimbo, akapita pembeni ya ukuta wa mashariki kwa sababu ndiyo njia anayoijua, na hapo akasimama.

"Hao ni makinda?"

Sauti ilikuwa nyembamba sana, kama mlango mdogo usiotiwa mafuta, na ilitoka tundu la tatu. Mimi nilikuwa nimeisikia tangu juzi yake.

"Ndiyo, bibi."

"Wana siku ngapi?"

"Kama tatu. Nne."

Honi ikapigwa tena. Bibi hakusogea. "Paka wa mama maandazi bado anapanda kwenye bati?"

"Anapanda."

"Na wewe mchana unakuwa wapi?"

Sikuwa na kazi siku ile, wala wiki ile. Watu wa mtaa walikuwa bado wanamwogopa fundi anayepasua plasta.

"Kazini, bibi," nikasema. "Kutwa nzima."

Alikuwa amegeuza sikio juu. Kisha akasema, "Mwambie dereva aende. Hawa waruke kwanza."

Nilikimbia hadi kwenye gari. Dereva aliniuliza bibi anaumwa, nikamwambia hapana, ana wageni.

Bibi alikaa na fimbo yake chini ya ukuta karibu wiki mbili, na paka alijifunza kupita upande wa pili. Makinda waliporuka, bibi alikuwa wa kwanza kujua, kwa sababu kelele zilihama kutoka ukutani kwenda kwenye mparachichi. Nilingoja aulizie gari. Jioni ile aliniita.

"Hebu tazama tundu la tatu. Nimesikia mtu anaingia na kutoka."

Nikatazama. Jike alikuwa anaingiza manyoya mapya.

"Anatandika tena, bibi."

"Tena? Mwanamke gani huyu asiyepumzika!" Akatikisa kichwa. "Haya. Nao waruke kwanza."

Walipokuwa kwenye mayai hayo tulikwenda Mdandu wote wawili. Tulifungua kufuli, tukafagia, tukapanda mahindi na maharage kwa siku tatu. Waliopita njiani walimsalimu kamwene na kumuuliza kama sasa amerudi moja kwa moja. Aliwaambia hapana, mjini ameacha watu. Siku ya nne alinihimiza turudi, akisema hamwamini yule paka.

Sasa tundu la tano nalo lina makinda, la tatu limeanza mara ya tatu, na la saba limepata watu wa stesheni. Mengine sita bado ni matupu, lakini namwona dume mmoja anayachungulia kila asubuhi. Nyumba yangu bora ina madoa tisa yasiyo na plasta, na chini yake uchafu mweupe ninaoufagia kila Jumamosi. Mwezi uliopita mama wa maandazi alinipa nyumba yake niipige plasta. Nilipofika juu kwenye matundu aliniita, akiwa ametazama pembeni, akasema nimwachie mawili, upande wa chumba chake.

Mfuko wa salfeti niliutundika kwenye msumari barazani, kwa sababu nyuma ya mlango ulikuwa unamkwaza. Jana asubuhi niliona mdomo wa mfuko umechambuka, nyuzi zinaning'inia, na shomoro mmoja amejishika hapo kichwa chini akivuta uzi kwa nguvu zake zote.

"Nani anauchana mfuko wangu?" bibi akauliza kutoka kwenye gunia. Masikio yake hayana ukungu.

"Shomoro, bibi. Anachukua nyuzi. Nimfukuze?"

Alipepeta ulezi mara mbili, mara tatu, akapuliza makapi.

"Mwache achukue," akasema. "Vitoe vile vitenge tu, asije akavitoboa."

Nikavitoa vitenge, nikavirudisha kwenye sanduku lake chumbani.